Kutumia tafakuri na taswira za akilini katika majuma ya kwanza ya kuacha pombe

Mtu aliyekuwa akinywa kila siku kwa muda mrefu asianze kwa kukaa kimya na kufumba macho. Aanze kwa daktari. Mwili uliozoea kileo ukikikosa ghafla huanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kuzuka katika siku mbili za mwanzo, na kati ya saa ya 48 na ya 96 baadhi ya watu hupatwa na homa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, hali ambayo isipotibiwa inaweza kuua. Hospitalini mgonjwa hutulizwa kwa dawa kama diazepam, na hupewa vitamini B1 ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa wamepungukiwa. Aliyewahi kuanguka degedege alipojaribu kuacha zamani, au anayelazimika kuzimua asubuhi ili mikono itulie, yuko katika kundi la hatari, na hakuna tafakuri inayoweza kushika nafasi ya matibabu hayo. Nchini Kenya msaada hupatikana kwa simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, namba 1192. Nchini Tanzania, kliniki za afya ya akili zimo katika hospitali kubwa, zikiwamo Muhimbili ya Dar es Salaam na Mirembe ya Dodoma.

Yanayofuata yanamhusu aliyekwisha kuvuka hatua hiyo, au ambaye unywaji wake haukufika huko, na sasa anajikuta na jioni ndefu ambazo zamani zilijazwa na baa.

Namna hamu inavyofanya kazi

Wanywaji wengi huamini kwamba hamu ya pombe isipotimizwa huzidi kupanda mpaka mtu ashindwe. Ukweli ni kwamba hamu huja kama wimbi: huinuka, hufika kileleni, kisha huvunjika, na mara nyingi yote hayo hutimia ndani ya nusu saa iwapo mwenyewe hailishi. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, ndiye aliyeigeuza picha hiyo kuwa zoezi la tiba, akiwafundisha watu wasipigane na wimbi wala wasilikimbie, bali walipande na kwenda nalo hadi litulie. Baadaye yeye na wenzake waliliunganisha zoezi hilo na mtindo wa tafakuri ambao Jon Kabat-Zinn alikuwa ameuingiza hospitalini huko Massachusetts mwaka 1979, ukapatikana mpango wa majuma manane wa kumsaidia mtu asirudie kilevi.

Kinachoilisha hamu ni picha. Mwaka 2005 watafiti David Kavanagh, Jackie Andrade na Jon May walieleza kwamba wazo la kinywaji linapochomoza ghafla huwa dogo na la kupita. Taabu huanza pale akili inapolidaka na kulipamba, ikaiona chupa inayotoka jasho, ikasikia kizibo kikifunguka, ikahisi ubaridi kooni na kicheko cha waliokaa mezani. Nafasi ya akilini ya kuchorea picha za namna hii ni finyu, na picha nyingine iliyo hai ikiwekwa hapo huisukuma ile ya pombe. Kwa sababu hiyo mtu asiichukulie taswira kuwa burudani ya kupitishia wakati, kwani ndiyo zana ile ile ambayo hamu yenyewe huitumia dhidi yake.

Kukaa kila asubuhi

Tenga dakika kumi kabla ya kushika simu. Kaa kwenye kiti, nyayo zikiwa sakafuni na mgongo umenyooka bila kukakamaa, macho yakiwa yamefumbwa au yameelekezwa chini. Vuta pumzi polepole kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kwa maana pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Hesabu pumzi kumi, kisha rudia kuanzia moja. Akili ikipotea, nayo itapotea, irudishe kwenye pumzi bila kuikemea. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Huhitaji kimya kamili, jambo ambalo katika nyumba nyingi za kupanga halipatikani: bodaboda ikipita na redio ya jirani ikilia, isikie, iache ipite, urudi kwenye hesabu.

Wapo wanaohofia kwamba tafakuri ni mlango wa dini ya kigeni. Hofu hiyo haina msingi, na aliye na ibada yake ana pa kuanzia. Mwislamu anayekaa kwa uradi baada ya swala ya alfajiri, au Mkristo anayesali rozari, anaweza kuziunganisha dakika hizi na kile anachokifanya tayari. Hata chama cha Alcoholics Anonymous, cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935, kinataja sala na tafakuri pamoja katika hatua ya 11 kati ya hatua zake 12.

Katika majuma ya mwanzo mwili huwa na wahaka na usingizi hukatika-katika, hivyo kukaa dakika kumi kunaweza kuonekana kama adhabu. Anayeshindwa na atembee uani akihesabu hatua, au akae dakika tatu tu, mradi iwe kila siku. Na iwapo kufumba macho kunaleta kumbukumbu za kutisha, kama inavyowatokea watu waliopitia ukatili au ajali, yafumbue mara moja, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona chumbani, simama, na ulizungumze jambo hilo na mshauri kabla ya kuendelea.

Hamu inapovamia

Jiulize kwanza kama una njaa, hasira, upweke au uchovu. Mara nyingi, hasa saa ya jioni, jawabu ni njaa, na sahani ya chakula itafanya kazi kubwa kuliko falsafa yoyote. Ukiisha kula na hamu ikabaki, weka saa ya simu dakika ishirini, kisha uitafute hamu yenyewe mwilini: je, iko kooni, tayani, kifuani, au ni mate yanayojaa mdomoni? Iseme kimoyomoyo kwa maneno makavu, kwa mfano, “koo limekaza, mikono inatafuta kitu cha kushika.” Ipe alama kati ya sifuri na kumi, na uipime tena kila baada ya dakika chache. Usibishane nayo wala kuihubiria, kwa sababu kila hoja unayoitoa inaibakiza pombe akilini. Zoezi hili linafanyika hata ndani ya daladala iliyosimama foleni, bila jirani yako wa kiti kujua lolote.

Alama zikianza kushuka, mtu huona kwa macho yake mwenyewe kwamba wimbi huvunjika bila kunywa, na hilo hakuna mshauri anayeweza kumwonea kwa niaba yake.

Taswira, na ipi itangulie

Miongozo mingi humwelekeza msomaji ajione amekaa ufukweni, upepo ukivuma na mawimbi yakigonga mchanga. Mimi ningeiweka picha hiyo mwisho. Kwa mtu wa Bagamoyo au Kilifi, kivuli cha minazi pwani huenda ndipo hasa alipokuwa akinywea mnazi, na kumpeleka huko kwa jina la utulivu ni kumrudisha kilabuni. Tena, tafiti za mwanasaikolojia Gabriele Oettingen zimeonyesha kwamba kujipigia picha ya mafanikio matupu, bila vikwazo vilivyo njiani, hupunguza bidii ya kuyafikia. Anayetaka mahali pa kupumzikia akilini achague pasipo na historia ya chupa: shamba la bibi wakati wa mvua, au jikoni ambamo chai ya tangawizi inachemka.

Taswira inayofaa kutangulia ni ile ya usiku mpaka mwisho wake. Hamu humwonyesha mtu glasi ya kwanza peke yake, kisha hukata picha. Wewe iendeleze, lakini usianzie kwenye glasi, maana kuichora ladha ni kuilisha hamu. Anzia pale usiku unapoharibika. Ona mfuko ukiwa mtupu, simu usizokumbuka ulimpigia nani, mlango unaogongwa saa 8 usiku, mtoto anayejifanya amelala, mdomo mkavu alfajiri na ujumbe wa bosi usiotaka kuufungua. Tumia mambo yaliyokutokea kweli, kwani ya kubuni hayana nguvu. Kisha badilisha picha: asubuhi hiyo hiyo, ukiwa umeamka bila kichwa kuuma. Dakika tatu zinatosha, na anayejiona anazama katika majuto aiache upesi, kwa kuwa aibu ikizidi nayo humrudisha mtu kwenye chupa.

Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni kuifanyia mazoezi njia ya hatari. Nchini Kenya sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliruhusu baa kuuza kuanzia saa 11 jioni siku za kazi, saa ile ile ambayo wengi hutoka kazini, na si Kenya pekee ambako njia ya kwenda nyumbani hupita mlangoni mwa baa. Kaa asubuhi, baada ya hesabu ya pumzi, na uipite njia hiyo akilini hatua kwa hatua. Ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi na mshahara umeingia. Unashuka kituoni, unanusa nyama choma, muziki unasikika, na mhudumu anayekujua anakupungia mkono na kuuliza, “Ya moto au ya baridi?” kana kwamba kuna swali moja tu. Sikia hamu ikiinuka kifuani, itambue, vuta pumzi tatu, kisha ujione unavuka barabara na kupita upande wa pili hadi dukani, ambako unanunua mkate na kuendelea na safari. Picha iwe na kitendo, tena kidogo na cha hakika, kwa kufuata muundo wa “nikiona hiki, nitafanya kile,” ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameufanyia utafiti wa miaka mingi.

Fanya vivyo hivyo kwa sherehe na misiba. Jione umekaa ukumbini, shemeji yako akiweka chupa mbele yako na kusema, “Shemeji, leo vipi, mbona hugusi?” Ujibu mapema, kwa sauti ya kawaida: “Asante shemeji, nimeacha. Niletee maji.” Rudia jibu hilo kwa sauti chumbani mpaka lisikwame mdomoni. Wengi hupendelea kusema kwamba wako kwenye dozi, na kisingizio hicho hufaa mara moja. Mara ya pili watu huuliza dozi inaisha lini, wakakuwekea miadi. Jione pia ukiinuka na kuondoka mapema, ukijua ni usafiri gani utakaopanda, kwa sababu anayetegemea gari la rafiki mnywaji amekwisha kukubali kubaki hadi usiku wa manane.

Usiifanye taswira ya njia ukiwa tayari njiani na hamu imekushika. Wakati huo tumia zoezi la wimbi. Na mtu akiteleza akanywa, asiitupe programu nzima. Akishatulia, airudie picha ya njia ile ile, atafute mahali hasa ilipokatika, pengine ni pale alipopokea simu ya rafiki, na aliingize tukio hilo katika mazoezi ya kesho yake pamoja na jibu lake. Ikiwa aliyeteleza amekunywa siku kadhaa mfululizo, arudi kwanza kwa daktari, kwa kuwa hatari ya degedege huanza upya.

Mchague mtu mmoja, awe mkeo, kaka, padri, imamu au mwenzako wa kikundi, umtajie saa yako ya hatari na umwombe akupigie simu dakika kumi kabla yake.