Kuchora maboksi kwa pespektivu: anza na mstari wa macho

Katika pespektivu, yaani uchoraji unaoonyesha kina na umbali kwenye karatasi bapa, maboksi mengi hupinda kwa sababu mchoraji hakuweka kwanza mstari wa macho, yaani usawa wa macho yake. Ufukweni mwa Ziwa Victoria mstari huo uko wazi: tazama upande usio na kisiwa wala ng'ambo, pale maji yanapokutana na anga. Ukichuchumaa, unashuka nawe. Ukipanda juu ya jiwe, unapanda nawe. Kilicho chini yake utaona uso wake wa juu, kilicho juu yake utaona kitako. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kreti iliyo miguuni pako inakuonyesha mdomo, na boksi lililo kichwani mwa mchukuzi linakuonyesha kitako.

Laza karatasi ya A4 kwa upana, ubandike karatasi nyingine kushoto na kulia kwa selotepu. Chora mstari wa macho sm 4 kutoka juu. Weka nukta mbili kwenye mstari huo wenyewe, moja kushoto na moja kulia, kila moja sm 30 kutoka katikati; ndiko kingo zinazokwenda nyuma zitakakoelekea. Usizisogeze karibu ili tu zienee kwenye A4: kona ya mbele ya uso wa juu ikiwa chini ya nyuzi 90, boksi litaonekana limevutwa. Pima kwa kona ya karatasi, ambayo ni nyuzi 90.

Katikati, sm 6 chini ya mstari, anza ukingo wa mbele wenye urefu wa sm 5, wima kabisa. Kutoka ncha zake mbili peleka mistari myepesi kwenye kila nukta. Sasa kata upana kwa mistari miwili ya wima. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapima sm 5 kila upande, kisha wanashangaa boksi limekuwa refu. Pande zinazokwenda nyuma hufupika machoni. Kwa vipimo hivi, mchemraba unahitaji takribani sm 3.2 kila upande.

Kutoka kila kichwa cha mistari hiyo ya pembeni, vuta mstari hadi kwenye nukta ya upande wa pili. Inapokatana ni kona ya nyuma. Fanya hivyo hivyo chini, hata kama kona hiyo imefichika. Kona ya nyuma ya chini lazima iwe wima chini ya ile ya juu. Ikiwa imehama, kuna mstari haukufika kwenye nukta yake.

Ukishazoea, acha rula na nukta. Chora kwa mkono mtupu, ukisukuma kutoka begani, kwa sababu kifundo cha mkono huzungusha mstari. Boksi likikamilika, chukua biki nyekundu na rula, uendeleze kila kundi la kingo nne kuelekea nyuma. Zinapaswa kusogeleana. Zikienda sambamba au zikipanuka, umechora unachokijua, yaani kwamba kingo ziko sambamba, badala ya unachokiona. Mara nyingi unaokosea ni ukingo wa mwisho, kwani hubeba makosa ya yote yaliyotangulia. Usifute, rekebisha kwenye boksi linalofuata. Ukaguzi huu ndio unaofundisha, kwa hiyo maboksi matano yaliyokaguliwa yana faida kuliko ukurasa mzima usiokaguliwa.

Baada ya hapo jaribu mtumbwi. Uweke ndani ya boksi refu, chora ulalo mbili, yaani mistari ya kutoka kona hadi kona ya mkabala, kwenye uso wa juu: zinapokatana ndipo katikati halisi, nayo kwenye karatasi huwa karibu zaidi na ncha ya mbali. Panua mbavu za mtumbwi hapo, kisha zikaze kuelekea ncha zote mbili.