Jinsi ya kusubiri matokeo ya shindano la hadithi fupi, kutoka vuli mpaka kusi

Ukishabonyeza kitufe cha kutuma, hadithi inaanza kazi yake na wewe unabaki na yako. Wengi hudhani yao imekwisha hapo. Mimi nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na kila mwaka ikifika Oktoba vijana hunijia na hadithi zao kwenye flashi ili niwapangie kurasa na kuwasaidia kuzituma. Naandika pia. Kwa miaka hii nimeona hadithi nzuri zikitoka shindanoni bila jaji yeyote kuzikataa, kwa sababu ya jambo ambalo mwandishi alilifanya, au alilokosa kulifanya, wakati wa kungoja. Ndiyo maana naandika mwongozo huu.

Nitatumia mfano wa Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Haina ada ya kushiriki, inapokea hadithi kwa Kiswahili, na ndiyo inayoulizwa zaidi dukani kwangu. Hadithi iwe ya maneno 2,000 hadi 5,000, mwandishi awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na awe raia wa nchi mwanachama. Kwa upande wetu huu ni Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Mshindi wa kila kanda hupata pauni 2,500, na mshindi mkuu pauni 5,000. Mashindano mengine yana masharti yake, lakini namna ya kuyasubiri haitofautiani sana.

Kwanza, bandika tarehe ukutani. Mlango hufungwa Novemba 1. Orodha fupi kwa kawaida hutoka Aprili, washindi wa kanda tano Mei, na mshindi mkuu kuanzia Juni. Kwa hesabu ya pwani, unatuma vuli inapoanza, kaskazi yote inavuma hujasikia kitu, orodha fupi inakukuta kwenye masika, na kusi ikishashika ndipo anatajwa mshindi mkuu. Ninawaandikia vijana hivyo hivyo kwenye karatasi, pepo na tarehe pamoja, kwa sababu mtu anayejua kwamba Januari hakuna jibu popote duniani hataamka Januari kulitafuta.

Ni vizuri pia ujue kinachoendelea huko London, kwa waandaaji. Kwa miaka ya karibuni tuzo hii imekuwa ikipokea hadithi zaidi ya 6,000 kila mwaka. Wasomaji wa awali huzipitia zote bila kuona majina ya waandishi. Zilizoandikwa kwa lugha zisizo Kiingereza husomwa kwanza na watu wa lugha hizo, kisha zinazopita hutafsiriwa ili jopo lote lizisome. Jopo lenyewe lina mwenyekiti na majaji watano, mmoja kutoka kila kanda: Afrika, Asia, Kanada na Ulaya, Karibi, na Pasifiki. Piga hesabu ya kazi hiyo uone kama miezi mitano ni mingi. Kimya cha Desemba hakina maana yoyote kuhusu hadithi yako. Anayekwambia "wangekuwa wameipenda wangeshakuita" hajui kazi hii inavyofanywa.

Na usikubali kuambiwa kwamba ukiandika kwa Kiswahili unajipunguzia nafasi. Mshindi mkuu wa 2019, Constantia Soteriou wa Cyprus, aliandika kwa Kigiriki. Hadithi ilitafsiriwa, ikawapita wote. Nafasi hiyo ipo kwa lugha yetu pia, na mimi natamani sana kuishi niione ikitumika.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Usiichapishe hadithi mahali popote mpaka matokeo yatoke. Tuzo hii, kama mashindano mengi, inataka hadithi ambayo haijawahi kuchapishwa, na kuchapishwa si kitabuni au gazetini tu. Ukurasa wako wa Facebook ni kuchapisha. Blogu yako, hata kama ina wasomaji wachache, ni kuchapisha. Kijana mmoja wa Pangani aliingiza hadithi yake kwenye shindano moja la hapa nchini. Ilikuwa hadithi ya baharia anayerudi kwao na kukuta nyumba imeuzwa, na nilipokuwa nikiichapa nilisimama mara kadhaa kwa uzuri wake. Binamu yake, kwa mapenzi tu, akaiweka yote kwenye ukurasa wa wazi wa mashairi na hadithi. Watu wakaipenda, wakaisambaza, na ikawafikia waandaaji. Hadithi ikaondolewa. Binamu hakuwa na nia mbaya, na kijana hakuwa na kosa ila hakumwambia kwamba hadithi hiyo haitolewi.

Kwa hiyo mwambie kila uliyempa nakala. Aliyekusahihishia tahajia, mwalimu wako, rafiki uliyemtumia kwa WhatsApp, waambie kwa maneno kamili: "Hii iko shindanoni, naomba isitoke kwako." Ukitaka kuweka kitu kwenye statasi, weka kwamba umetuma, basi. Aya ya kwanza usiweke. Hata jina la hadithi ni bora ulifiche, kwa kuwa wasomaji wa awali hawatakiwi kumjua mwandishi.

Kuipeleka hadithi hiyo hiyo mahali pengine wakati unangoja ni suala la kanuni za kila shindano. Tuzo ya Jumuiya ya Madola inaruhusu, mradi uwaarifu mara moja ikikubaliwa kwingine. Mengine yanakataza kabisa. Soma kanuni kwa jicho lako mwenyewe, usitegemee kusimuliwa.

Hifadhi toleo ulilotuma, lile lile, katika PDF. Lipe jina lenye tarehe, jitumie kwa barua pepe, na usiliguse tena. Mara tu baada ya kutuma utaanza kuona makosa: koma iliyokosekana, jina la mhusika lililobadilika ukurasa wa saba. Marekebisho hayapokelewi tena, na waandaaji hawajibu barua za namna hiyo. Fungua faili jingine, liite toleo la pili, urekebishe humo. Litakufaa baadaye. Flashi peke yake usiitegemee. Kompyuta za madukani zina virusi, na nyingine husafishwa kila jioni.

Halafu linda barua pepe yako. Hili linaonekana dogo, lakini dukani kwangu ndilo linalowaliza watu. Kijana anafunguliwa anwani mpya siku ya kutuma hadithi, nywila imeandikwa nyuma ya risiti, namba ya kuthibitisha ni ya laini ya dada yake. Ikifika Aprili risiti haipo, na laini haikutumika muda mrefu, imefungwa na namba amepewa mtu mwingine. Hakuna njia ya kuingia. Kama uliingia kwenye orodha fupi, huna pa kuambiwa.

Tumia anwani unayoitumia kila siku na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Andika nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani. Itafute barua ya kuthibitisha kwamba hadithi imepokelewa, ihifadhi, na uweke anwani iliyoituma kwenye orodha ya watu wako, ili barua zinazofuata zisitupwe kwenye barua taka. Hata hivyo kagua barua taka kila baada ya wiki mbili: Gmail hufuta kilichomo humo baada ya siku 30, na kikishafutwa hakirudi. Wiki mbili zinatosha. Kufungua kila saa ni kumaliza bando na kujichosha moyo bila faida.

Wakati huo huo tengeneza vitambulisho. Wanaofika kwenye orodha fupi huombwa kuthibitisha umri na uraia, na muda unaotolewa si mrefu. Kama jina kwenye kitambulisho cha NIDA halilingani na la cheti cha kuzaliwa, miezi ya kaskazi ndiyo ya kulishughulikia, maana hayo hayaishi kwa siku moja. Kama una jina la kalamu, hakikisha kwenye fomu uliandika pia jina lako halisi.

Jihadhari na matapeli. Sote tumewahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wapo wanaofuatilia mashindano na kupiga simu: umeshinda, tuma ya kutolea, tuma ya kodi, tuma ya mwanasheria. Shindano la kweli halikuombi senti ili likupe zawadi yako. Ukipigiwa, kata simu, fungua barua pepe yako, soma kilichoandikwa na anwani iliyotoka.

Hayo ya ulinzi yanatosha. Yaliyobaki ndiyo kazi yenyewe: andika hadithi nyingine, na uianze wiki ile ile uliyotuma, kabla moyo haujazoea kukaa mlangoni. Watu watakwambia subira yavuta heri, na wanasema kwa nia njema, lakini mwandishi akikaa na subira mikono mitupu anaugua. Mpe mkono kazi. Maneno 300 kila jioni yanakupa rasimu ya maneno 3,000 kwa siku kumi, na unabaki na kaskazi nzima ya kuikata na kuipanga.

Chagua kitu kilicho mbali na ulichotuma, vinginevyo utajikuta unaiandika ile ile upya na kujilinganisha nayo. Baada ya kutuma hadithi ya harusi ya Chumbageni, mimi niliandika juu ya mzee aliyeletwa kwenye mashamba ya mkonge akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Babu yangu alikuja Tanga kwa njia hiyo. Nilihitaji kuuliza: siku ya kazi ilikuwa na mkonge kiasi gani wa kukata, walikula nini, nani aliwaandikia barua za nyumbani. Kuuliza huko kulinitoa kwenye kiti na kunipeleka kwa wazee wa Mabokweni, na tangu hapo huwashauri wote wanaongoja wachague hadithi itakayowalazimu kwenda kumuuliza mtu. Miguu ikitembea, kichwa hakibaki kwenye kikasha cha barua.

Soma pia waliokutangulia. Hadithi za washindi wa kanda hutolewa na jarida la Granta mtandaoni, na Taasisi ya Jumuiya ya Madola, inayoandaa tuzo hii, ina jarida lake, adda, linalochapisha hadithi za walioingia orodha fupi. Nyingi ni za Kiingereza, zisome na kamusi ikibidi. Tafuta za jirani zetu kwanza: Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda alikuwa mshindi mkuu wa 2014, na Joshua Lubwama, wa Uganda pia, alishinda kanda ya Afrika 2025. Angalia wanaanzaje, wanamwacha msomaji wapi, na ni mambo mangapi ya nyumbani kwao hawakuyaeleza kwa wageni. Hilo la mwisho linawafaa sana waandishi wetu, maana wengi wakijua kwamba hadithi itasomwa London huanza kueleza ugali ni nini.

Siku ya matokeo, usiwe peke yako na usiwe mbele ya umati. Mtu mmoja anayekujua anatosha. Kumbuka London iko nyuma yetu kwa saa mbili miezi hiyo ya katikati ya mwaka, hivyo asubuhi yao ni mchana wetu. Fanya kazi zako za asubuhi kwanza. Fahamu pia kwamba walioingia orodha fupi kwa kawaida huarifiwa kwa siri kabla ya kutangazwa. Ikiwa ni wewe, jibu barua siku hiyo hiyo, tuma wanachotaka, kisha funga mdomo mpaka tarehe ya tangazo. Ukurasa unaohusu hakimiliki usome pole pole kabla ya kusaini, na usipouelewa mpelekee anayeelewa.

Kama jina lako halimo, usiandike kuuliza kwa nini. Hakuna maoni yanayotolewa kwa hadithi moja moja, na kwa idadi ile haiwezekani. Usiandike pia mtandaoni kwamba kuna upendeleo. Majina hayakuonekana, na waandishi utakaokutana nao miaka ijayo husoma. Lia kama kilio kipo. Nimewahi kufunga duka mapema ili binti mmoja alie kwa nafasi, na sikuona ubaya wowote, kwa sababu aliipenda kazi yake.

Baada ya wiki moja au mbili, fungua lile toleo la pili. Lisome kwa sauti, mbele ya mtu. Pale ulimi unapojikwaa, weka alama. Sasa hadithi ni yako tena na unaweza kuipeleka unakotaka: gazetini, kwenye jarida, shindano jingine. Ukiwa umefikisha hadithi za kutosha, fikiria mkusanyiko, maana Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni ya miswada mirefu ya Kiswahili. Mwenye riwaya au ushairi aangalie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu.

Na ile hadithi ya pili, uliyoiandika kaskazi ikivuma, mpe msomaji wa kwanza mwezi wa Julai. Agosti irekebishe. Fomu ya Jumuiya ya Madola hufunguliwa Septemba. Njoo wiki ya kwanza, mtandao ukiwa mwepesi na dukani hakuna foleni.