Kulinganisha mita mbili za nguvu kwenye mlima wa Chunya
Baiskeli yangu ina mita mbili za kupima wati ninazotoa nikikanyaga: moja kwenye pedali, nyingine kwenye habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu). Zirekodi zote safari moja, kila moja na kompyuta yake. Ukipima hii leo na ile kesho, umepima miguu yako.

Asubuhi ya Julai hapa Mbeya baridi inauma. Ukitoa baiskeli ndani na kusawazisha sifuri (kuiweka mita isome sifuri pasipo mzigo) papo hapo, chuma bado kina joto la chumbani na namba zitahama njiani. Mimi naiegemeza nje robo saa nzima, ndipo nasawazisha. Kisha napanda barabara ya Chunya: dakika 10 kwa wati 150, nyingine 10 kwa 220, nalinganisha wastani.

Habu ikisoma chini kwa asilimia 2 hadi 4, usihangaike, cheni ndiyo imekula nguvu hiyo kabla haijafika nyuma. Ikisoma juu, ipo mita inayodanganya (pedali inayopima mguu wa kushoto tu na kuzidisha mara mbili, naishuku kwanza).

Kuzihakiki pedali, kama zinaonyesha msokoto (nguvu ya kuzungusha), kaza breki, laza krenki (mkono unaobeba pedali) sambamba na ardhi, ning'iniza kilo 10 kamili kwenye pedali. Krenki ya milimita 170 itoe nyutoni-mita 16.7 hivi.