Kupanga malengo ya muda mrefu ya mafuta yenye kaboni kidogo: mwongozo kwa wanaoandaa kanuni za kikanda

Kiwango cha mafuta yenye kaboni kidogo hakimlazimishi msambazaji kuuza aina fulani ya mafuta. Kinachotakiwa ni kwamba wastani wa gesi joto zinazotokana na nishati yote anayoiuza kwa ajili ya magari, tangu malighafi inapochimbwa au kulimwa hadi nishati inapotumika barabarani, ushuke mwaka hadi mwaka kwa kufuata ratiba iliyotangazwa mapema. Anayeuza nishati iliyo chini ya kiwango cha mwaka husika hupata krediti, moja kwa kila tani ya hewa ukaa iliyoepukwa. Anayeuza iliyo juu yake huandikiwa deni, naye hulifuta kwa krediti alizozalisha mwenyewe au alizonunua kwa wengine. British Columbia, nchini Kanada, ilipitisha sheria ya namna hii mwaka 2008. Nchini Marekani, jimbo la California lilianza utekelezaji mwaka 2011, Oregon mwaka 2016 na jimbo la Washington mwaka 2023, kiasi kwamba pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada sasa ni kanda moja yenye taratibu zinazofanana.

Mwongozo huu unahusu hatua moja tu ya kazi hiyo, nayo ndiyo ngumu kuliko zote: kuamua kiwango kishuke kwa asilimia ngapi katika miaka kumi, kumi na mitano au ishirini ijayo. Msimamo wangu ni kwamba asilimia ya mwisho hupewa muda mwingi kupita kiasi mezani, ilhali kinachomfanya mwekezaji ajenge kiwanda, au kampuni ya mabasi inunue mabasi ya umeme, ni ratiba ya kila mwaka pamoja na kanuni ya kuirekebisha pale hali inapokwenda kinyume na makadirio.

Mwaka wa msingi na mipaka ya hesabu

Asilimia haina maana mpaka ijulikane inapimwa kutoka wapi. California hupima kutoka mwaka 2010, Oregon kutoka 2015 na Washington kutoka 2017, kwa hiyo punguzo la asilimia 20 lina uzito tofauti katika kila jimbo. Chagua mwaka wa karibuni wenye takwimu kamili za mauzo, na uepuke mwaka wa msukosuko kama 2020, ambapo janga la korona lilipunguza safari na kuvuruga uwiano wa petroli na dizeli.

Kipimo chenyewe ni gramu za hewa ukaa kwa kila megajuli ya nishati. Petroli na dizeli ya kawaida, zikihesabiwa kuanzia kisimani, zinakaribia gramu 100. Kwa mafuta yatokanayo na mazao, hesabu isiishie kwenye shamba na kiwanda, kwa sababu zao linapoelekezwa kwenye matangi ya magari, mtu mwingine mahali pengine hufyeka pori ili kuziba pengo la chakula lililotokea. Mwaka 2015 California iliweka nyongeza ya gramu 19.8 kwa ethanoli ya mahindi, 29.1 kwa mafuta ya soya na 71.4 kwa mawese, kwa sababu hiyo tu ya ardhi. Wataalamu hubishana juu ya ukubwa wa namba hizi, lakini kuziacha kabisa ni sawa na kuamua kwamba athari hiyo ni sifuri, jambo ambalo hakuna anayeweza kulitetea.

Suala hili la ardhi linatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Umoja wa Ulaya ulipokuwa ukielekea kwenye lengo la asilimia 10 ya nishati jadidifu katika usafiri ifikapo mwaka 2020, lengo lililopitishwa mwaka 2009, kampuni za kigeni zilipewa maelfu ya hekta katika wilaya za Kisarawe na Kilwa nchini Tanzania ili zilime mibono (jatrofa) ya kutengenezea dizeli. Miradi hiyo ilianguka, na vijiji vilivyokuwa vimeachia ardhi vikabaki bila ajira zilizoahidiwa na bila ardhi yao. Umoja wa Ulaya ulikuja kuweka kikomo cha asilimia 7 kwa mafuta yatokanayo na mazao ya chakula mwaka 2015, miaka sita baada ya lengo lenyewe. Kwa maoni yangu, kikomo cha malighafi ya mazao kinapaswa kuandikwa siku ile ile lengo linapoandikwa, katika hati ile ile. California nayo ilichelewa: ni katika marekebisho ya Novemba 2024 ndipo ilipoamua kwamba krediti za dizeli itokanayo na soya, kanola na alizeti zisizidi asilimia 20 ya dizeli ya mimea ya kila kampuni.

Jenga lengo kutoka kwenye lita na kilowati

Kuna njia mbili za kulifikia lengo la mbali. Ya kwanza ni kurudi nyuma kutoka kwenye ahadi ya tabianchi ya kanda, ukiuliza usafiri unapaswa kuwa wapi ifikapo mwaka 2045 au 2050. Ya pili ni kwenda mbele kutoka hali ya sasa, ukihesabu magari yatakayouzwa, vituo vya kuchajia vitakavyojengwa na malighafi itakayopatikana. Fanya zote mbili, kisha uchunguze pengo lililopo kati yake, kwa kuwa pengo hilo ndilo litakalobebwa na bei ya krediti.

Tuchukue mfano wa namba za kubuni. Umeme wa gridi una gramu 80 kwa megajuli. Basi la umeme hutumia takriban sehemu moja ya tano ya nishati ambayo basi la dizeli lingetumia kwa safari ile ile, na California hutumia uwiano huo wa 5 kwa magari makubwa. Kwa hiyo umeme huo huingia kwenye hesabu ukiwa na gramu 16. Sasa tuseme kanda inatarajia kwamba, katika kila vipimo 100 vya nishati ya usafiri vya mwaka 2040, 70 vitakuwa petroli na dizeli ya kawaida yenye gramu 100, 10 vitakuwa ethanoli yenye gramu 60, na 20 vitakuwa safari zilizohamia kwenye umeme. Wastani wake ni gramu 79.2, yaani punguzo la karibu asilimia 21. Lakini kama nusu ya safari hizo za umeme hazitatokea, na nafasi yake ikachukuliwa na dizeli, wastani unapanda hadi gramu 87.6 na punguzo linabaki asilimia 12.4. Dhana moja ikiyumba, takriban asilimia 40 ya lengo inapotea.

Kwa sababu hiyo usiandae makadirio ya aina moja. Andaa angalau matatu, na katika mojawapo uchukulie kwamba sera unayoitegemea zaidi imeondolewa. Hili si jambo la kufikirika tu. California ilikuwa imejenga mipango yake juu ya kanuni ya kukomesha mauzo ya magari mapya ya petroli ifikapo mwaka 2035. Juni 2025 Bunge la Marekani na Rais walifuta kibali cha serikali kuu kilichoiruhusu kanuni hiyo, na jimbo likaenda mahakamani. Kiwango cha mafuta kinachoweza kufikiwa tu endapo sera nyingine tatu zitabaki salama hakijapangwa vizuri.

Ratiba ya mwaka hadi mwaka

Hapa ndipo somo kubwa la California lilipo. Agizo la gavana la mwaka 2007 lilitaka punguzo la asilimia 10 ifikapo mwaka 2020. Kesi za mahakamani ziliifanya ratiba isimame kwenye asilimia 1 kuanzia mwaka 2013, hadi kanuni ilipopitishwa upya mwaka 2015. Mwaka 2018 wasimamizi walilegeza mteremko ili mwaka 2020 uwe na asilimia 7.5, na papo hapo wakaongeza lengo jipya la asilimia 20 kwa mwaka 2030. Mwanzoni mwa mwaka 2020 krediti moja iliuzwa kwa karibu dola 200, na fedha hizo zikavuta viwanda vya dizeli jadidifu (inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama) na miradi ya biogesi ya samadi ya ng'ombe wa maziwa kwa kasi ambayo ratiba haikuitarajia. Krediti zikarundikana kuliko madeni, na kufikia mwaka 2024 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 80. Mtu aliyekopa benki kwa kutegemea bei ya mwaka 2020 alijikuta pabaya, ingawa lengo la mwaka 2030 lilikuwa halijaguswa hata kidogo.

Marekebisho ya Novemba 2024 yalilipeleka lengo la mwaka 2030 hadi asilimia 30 na kuongeza lengo la asilimia 90 kwa mwaka 2045. Binafsi naona kwamba vipengele viwili vingine vilivyomo humo vina thamani zaidi kwa anayejifunza. Cha kwanza ni mshuko wa mara moja: punguzo la mwaka 2025 liliongezewa pointi 9 za asilimia ili kupunguza akiba ya krediti, kutoka asilimia 13.75 hadi 22.75. Cha pili ni kanuni ya kujiongeza yenyewe: akiba ya krediti ikizidi mara tatu ya wastani wa madeni ya robo mwaka, na krediti za mwaka zikazidi madeni yake, viwango vya ratiba vinaanza kutumika mwaka mmoja mapema bila kusubiri mjadala mpya. Mwekezaji anaweza kuyahesabu masharti hayo mwenyewe kwa takwimu zinazochapishwa kila robo mwaka, badala ya kukisia wasimamizi watakuwa na hali gani siku ya kikao.

Ukiandika kanuni ya namna hii, iandike pande zote mbili. Iwapo krediti zitaadimika kwa sababu ya vita, ukame au kufungwa kwa bandari, sheria iseme mapema nini kitatokea: bei ya juu kabisa katika soko la kufungia hesabu (ambamo wenye madeni yaliyobaki hununua krediti za kuyafuta), ruhusa ya kubeba deni hadi mwaka unaofuata pamoja na riba yake, au ratiba kusimama kwa mwaka mmoja. California ina bei ya ukomo iliyoanzia dola 200 kwa thamani ya mwaka 2016 na ambayo hupanda na mfumuko wa bei. Bila mlango huo wa dharura, mwaka mmoja mbaya unatosha kulifanya bunge lifute mpango mzima.

Gharama kwa lita

Waeleze wananchi gharama kwa kipimo wanachokijua, yaani lita. Kiwango kikiwa gramu 80 na petroli ikiwa gramu 100, kila megajuli ina deni la gramu 20. Lita moja ina takriban megajuli 32, hivyo deni lake ni gramu 640, na lita milioni moja zina deni la tani 640. Krediti ikiuzwa dola 70, msambazaji atalipa dola 44,800, sawa na senti nne na nusu za dola kwa lita. Ikifika dola 200, ni karibu senti 13. Chapisha hesabu hii pamoja na rasimu ya kwanza, kwa bei tatu tofauti, na useme wazi fedha hizo zinaenda kwa nani. Usipofanya hivyo, wapinzani wa kanuni watatoa namba yao, na utatumia miezi kuikanusha.

Majirani

Lengo la kanda lisizidi sana wala kupungua sana kuliko la majirani bila sababu. Oregon ina asilimia 20 kwa mwaka 2030 na 37 kwa mwaka 2035. British Columbia ina 30 kwa mwaka 2030. Washington, iliyoanza na asilimia 20 kwa mwaka 2034, iliamua mwaka 2025 kupanda hadi angalau 45 ifikapo mwaka 2038. Krediti za jimbo moja hazitumiki katika jingine, lakini mafuta hutembea, na meli ya dizeli jadidifu huenda penye bei nzuri zaidi. Kwa hiyo sehemu ya punguzo linaloandikwa katika kanda moja ni mafuta safi yaliyohamishwa tu kutoka kwingine. Katika makadirio yako, tenga malighafi mpya na ile iliyohamishwa, na usijenge lengo la miaka ishirini juu ya mafuta ya kupikia yaliyotumika ambayo kila kanda duniani inayawinda.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina uzoefu wa kukubaliana kiwango kimoja cha mafuta: tangu mwaka 2015 nchi wanachama zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo salfa hupimwa maabara kwa sampuli ya tangi, wakati lita mbili za dizeli jadidifu zinaweza kufanana kikemia kwa kila hali, moja ikiwa imetokana na mafuta ya jikoni yaliyokusanywa Nairobi na nyingine na mawese ya shamba lililofyekwa juzi. Tofauti yake imo kwenye nyaraka tu, kuanzia kwa mkusanyaji hadi kwa mwagizaji. Uwezo wa kukagua nyaraka hizo shambani, bandarini na kiwandani uwe sehemu ya hesabu ya lengo: kama kanda haina wakaguzi huru wa kutosha kwa lita zinazotarajiwa mwaka wa tano, mteremko wa miaka ya mwanzo uwe mdogo hadi wapatikane.

Sheria ya bunge ibebe lengo la mwisho, mwaka wa msingi na kikomo cha mazao. Kanuni za mamlaka zibebe ratiba ya kila mwaka na thamani za kaboni za kila njia ya uzalishaji. Lugha yake isomwe na wanasheria mapema, kwani marekebisho ya California yaliyopitishwa Novemba 2024 yalirudishwa Februari 2025 na ofisi inayokagua kanuni za jimbo kwa sababu ya kutoeleweka vizuri, na hayakuanza kutumika hadi tarehe 1 Julai 2025. Mapitio ya kwanza yafanyike mwaka wa tatu, takwimu za miaka miwili kamili zikiwa zimekaguliwa, na yaishie kwenye kubadili kiwango cha miaka ambayo bado iko mbele kwa angalau miezi 18, ili aliyekwisha kusaini mkataba wa mwaka ujao asibadilishiwe masharti akiwa katikati ya kazi.