Joki amezidisha mjeledi: namna ya kumhesabia, kumsikiliza na kumwadhibu

Mara yangu ya kwanza kukaa kwenye meza ya waamuzi wa mbio za farasi nilihesabu mapigo tisa kwa macho yangu mwenyewe, na ningeweza kuapa. Joki, yaani mpanda farasi wa mbio, akaitwa, nikamtajia hizo tisa mbele ya wenzangu wawili, ndipo tukawasha video. Saba. Mawili yalikuwa mjeledi uliopita hewani bila kugusa ngozi. Kijana hakusema kitu, ila msimu mzima uliofuata kila nilipomwita aliingia na tabasamu fulani mdomoni. Tangu siku hiyo sitaji namba kabla sijaona picha. Kama umeteuliwa juzi kukaa kwenye meza hiyo, anzia hapo: funga mdomo mpaka video iishe.

Kabla ya hapo lakini, ijue kanuni yako. Kila chama kina yake. Uingereza, tangu 2023, kikomo ni mapigo 6 katika mbio za tambarare na 7 katika mbio za kuruka viunzi. Marekani, chini ya HISA, mamlaka ya taifa ambayo kanuni zake za usalama zilianza kutumika Julai 2022, kikomo ni 6, na joki akishapiga mara 2 mfululizo lazima ampe farasi nafasi ya kuitikia. Australia huhesabu kwa namna nyingine kabisa: mapigo 5 kabla ya mita 100 za mwisho, tena yasiwe katika hatua zinazofuatana, ndani ya mita 100 hizo joki ameachiwa busara yake. Norway ilishakataza tangu 1982 mjeledi wa kumhimiza farasi akimbie.

Ile ruhusa ya mita 100 za mwisho mimi siipendi, nasema wazi. Hapo ndipo farasi amechoka kuliko popote, na hapo ndipo mkono wa joki unakuwa mwepesi kuliko popote. Ila hata Australia busara hiyo ina mpaka, maana kanuni hiyo hiyo inakataza kupiga kupita kiasi, bila sababu, au isivyofaa. Mwamuzi anayeishia kwenye namba peke yake hajaisoma kanuni yake hadi mwisho.

Kuhesabu

Usihesabu peke yako. Sisi tulikuwa watatu: mmoja anaangalia mkono wa kulia tu, mwingine wa kushoto tu, wa tatu anaandika sekunde ya kila pigo. Joki hubadilisha mkono katikati ya mbio, na kamera ya ubavuni inaona upande mmoja. Upande wa pili mwili wa farasi unaficha. Omba picha ya mbele na ya nyuma pia. Ya mbele itakuonyesha mkono ulipanda hadi wapi, kama ulivuka bega au kofia, kutegemea kanuni yako inapima kwa kipi. Ya nyuma itakuonyesha mjeledi ulitua wapi. Hesabu zenu zikitofautiana na picha haitatui ubishi, chukueni ndogo. Pigo lenye shaka halihesabiwi.

Jambo moja ambalo hakuna aliyenifundisha: hesabu kwa mwendo wa polepole, lakini nguvu ya pigo ipime kwa mwendo wa kawaida. Video ikipunguzwa kasi kila pigo linaonekana la kikatili, mjeledi unapinda, ngozi inatetemeka kama maji. Nimeona wenzangu wakimwongezea mtu adhabu kwa sababu ya mtetemeko huo, ilhali kwa kasi ya kweli lilikuwa pigo la kawaida la mkono uliotulia.

Sasa, nafasi ya kuitikia. Hiki ndicho kipengele ambacho waamuzi wageni hukiruka, na kwangu ndicho kizito kuliko idadi. Mjeledi wa kuhimiza una maana moja tu, kwamba umeomba kitu. Ukiomba, ngoja jibu. Farasi wa mbio akiwa katika shoti hupiga hatua mbili na ushei kwa sekunde, kwa hiyo hatua mbili za kungoja jibu anazodai mwamuzi wa Marekani hazifiki hata sekunde nzima. Video ya picha 25 kwa sekunde ina picha kumi au kumi na moja kwa kila hatua. Zihesabu. Joki aliyepiga mara sita lakini kila baada ya mapigo mawili akashusha mkono, akasukuma kwa mikono na visigino, akasikiliza, huyo alikuwa anapanda farasi. Aliyepiga mara tano tu, zote hatua kwa hatua bila kupumua, yuko chini ya kikomo na bado ana kesi ya kujibu.

Halafu wapi. Panaporuhusiwa ni matako, na katika kanuni nyingi begani pia ikiwa mjeledi umeshikwa kama hatamu, ukielekea chini. Ubavuni na tumboni hapana. Kichwani usiniulize.

Usiangalie mshindi tu. Watu wote wanamtazama wa kwanza, magazeti yanamhesabu wa kwanza, na joki wa tisa anajua hivyo. Nakumbuka jike mmoja aliyekuwa nyuma mita thelathini, miguu imekwisha, anapigwa mara tano kuelekea mstari. Tano, chini ya kikomo, hakuna aliyelalamika. Nilimwita joki nikamuuliza alikuwa anamhimiza aende wapi. Hakuwa na jibu, na kwa kweli halikuwepo. Kumpiga farasi asiye na nafasi tena, au aliyeshashinda wazi, au aliyekwisha kupita mstari, ni kosa hata likiwa pigo moja.

Mtume daktari wa wanyama mapema, farasi akiwa bado anatembezwa kupoa, na amkague pande zote mbili, si upande ule tu uliouona kwenye video. Alama nyingine huinuka baada ya dakika kadhaa, kwa hiyo arudi tena. Na mjeledi wenyewe uombwe palepale kwenye chumba cha mizani, majoki wanakopimwa uzito. Ile mijeledi yenye sponji, ambayo Australia iliilazimisha tangu 2009, huchakaa. Sponji ikishabonyea kifaa kinakuwa kingine.

Kumsikiliza

Mwite siku hiyo hiyo, lakini mwache kwanza anywe maji na mapigo ya moyo yashuke. Joki aliyetoka kwenye farasi dakika tatu zilizopita atakujibu kwa hasira, nawe utaandika hasira yake badala ya maelezo yake. Kama lugha yenu haikutani vizuri, tafuta mkalimani. Nusu ya ubishi niliouona chumbani ulikuwa wa maneno tu. Mwonyeshe video yote kwanza, bila kusimamisha. Kisha uliza swali lililo wazi: "Hapa ulikuwa unataka nini?" Ukianza na "Kwa nini umezidisha?" umeshahukumu, naye anajua.

Utetezi utakaousikia kuliko wote ni huu: "Mzee, alikuwa ananilalia ndani, nilimpiga kumnyoosha." Mara nyingine ni kweli, na kanuni nyingi hazihesabu pigo la usalama. Lakini kweli hiyo ina alama zake kwenye picha. Joki anayemnyoosha farasi huvuta hatamu ya upande wa pili, huacha kumsukuma mbele, na mjeledi wake huwa upande ule farasi anakoelekea. Ukiona mtu anasema alikuwa anamnyoosha huku mikono yote inasukuma kwenda mbele na mjeledi unaendelea kama pendulamu, hapo hakuna usalama, kuna kombe.

Wengine watakwambia bila mjeledi mbio zingekuwa za hatari. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha mbio za Uingereza ambazo majoki hawaruhusiwi kumhimiza farasi kwa mjeledi na zile wanazoruhusiwa. Hawakupata tofauti ya maana katika muda wala katika visa vya farasi kuingiliana. Usimsomee joki utafiti huo kama mahubiri. Ujue tu, ili hoja hiyo isikuyumbishe.

Na kuna lile linalosemwa kwa sauti ya chini, mlangoni, wakati anatoka: mwenye farasi alimwambia asirudi mikono mitupu. Liandike. Halimwondolei kosa, lakini linakuonyesha adhabu inapaswa kumfika nani.

Adhabu

Hapa ndipo vyama vizima vimejikwaa. Oktoba 2011 Uingereza ilianza kanuni mpya: mapigo 7 kwa mbio za tambarare, yasizidi 5 ndani ya falongi ya mwisho, yaani kama mita 200. Siku chache baadaye joki Christophe Soumillon alishinda mbio za Champion Stakes kwenye uwanja wa Ascot akiwa juu ya Cirrus des Aigles, akiwa amezidisha pigo moja ndani ya falongi hiyo. Akafungiwa siku 5 na kupoteza mgawo wake wa zawadi, pauni elfu hamsini na ushei. Majoki waliwaka, na haikupita wiki kikomo cha falongi ya mwisho kikafutwa. Adhabu nzito kwa pigo moja iliwafanya watu wamhurumie joki wakamsahau farasi.

Upande wa pili kuna Julai 2023, Ascot hiyo hiyo. Jim Crowley alishinda mbio za King George akiwa juu ya Hukum kwa mapigo 9 pale panaporuhusiwa 6. Alifungiwa siku 20 na kutozwa faini ya pauni 10,000. Farasi akabaki na ushindi, maana kanuni ya sasa inamwondoa farasi kwenye matokeo mapigo yakizidi kikomo kwa manne. La kumi lingemnyang'anya kila kitu. Na Marekani, katika mbio za Kentucky Derby za 2025, Junior Alvarado alimpiga Sovereignty mara 8 badala ya 6. Waamuzi wakamtoza dola 62,000 na kumsimamisha siku 2. Kiasi hicho hakikutoka hewani: ni asilimia 20 ya fungu lake la ushindi, kwa sababu lilikuwa kosa lake la pili ndani ya siku 180. Asilimia ni njia nzuri, kwani inakua pamoja na kishawishi. Faini ya bei moja kwa mbio zote, mtu huiweka kwenye bajeti.

Ukiniuliza mimi, kinachobadilisha mikono ya majoki ni mstari ule wa kumwondoa farasi kwenye matokeo. Ukiwepo, mwenye farasi yule yule aliyekuwa anamhimiza joki ndiye atakayemkumbusha kuhesabu. Uwe mstari wenye namba, unaojulikana kabla ya mbio, usiwe hisia za watu watatu chumbani.

Ukimfungia, angalia kalenda. Siku nne za mbio ndogo ambazo asingepanda ni likizo umempa. Fungua daftari la adhabu: mwezi uliopita mlimpa nini mwenzake kwa kosa hili? Ukitoa tofauti, eleza tofauti iko wapi. Kijana aliyeanza msimu huu mpeleke pia kwa mkufunzi akajifunze kuhesabu huku anapanda, maana wengi hawajui walikuwa wamefika pigo la ngapi.

Na andika hukumu vizuri. Niliwahi kuandika kwamba joki "alimpiga farasi mara nyingi mno katika mita za mwisho." Rufaa ilinibomoa ndani ya dakika kumi: nyingi ni ngapi, mno kuliko nini, mwisho wapi? Siku hizi naandika hivi: "Kuanzia mita 300 hadi mstari alipiga mara 8, mkono wa kulia 5, wa kushoto 3. Pigo la tano, la sita na la saba yalikuwa katika hatua zinazofuatana. Mkono ulivuka bega mara mbili. Farasi hakuwa amepinda." Kisha kifungu cha kanuni, adhabu, na siku ya mwisho ya kukata rufaa. Mpe nakala mkononi.

Siku joki anaporudi baada ya kufungiwa, mimi humwita baada ya mbio yake ya kwanza hata kama hakukosea, tuangalie video pamoja. Yule wa tabasamu alipofungiwa miaka kadhaa baadaye, safari hii kwa haki, alirudi, akavuta kiti bila kukaribishwa, akahesabu mwenyewe kwa sauti. "Sita, mzee." Mimi nilikuwa nimepata saba. Tukarudisha picha. Sita.