Jumamosi ya utamaduni Nairobi, wewe na rafiki yako

Anzeni na Jumba la Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, kabla ya saa nne asubuhi. Jumamosi hufungwa mapema, na wengi hukosea hapo: huanzia Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, wakirudi mjini wanakuta mlango umefungwa. Ghorofa ya chini ina mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa rais mwaka 1966. Upeni saa nzima. Vinyago na vitambaa vyake vinastahili.

Kisha pandeni matatu ya Westlands, mshuke Museum Hill. Simu isikae mkononi karibu na dirisha. Gari likisimama kwenye foleni, hunyakuliwa. Kwenye makumbusho wekeni salio la M-Pesa tayari, maana kutegemea noti kunaweza kuwachelewesha langoni. Msikose mifupa ya Kijana wa Turkana, binadamu wa kale aliyepatikana Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, mwaka 1984, wa miaka kama milioni 1.5. Simameni kimya mbele yake.

Chakula cha mchana: chapati na ndengu kibandani, bei nafuu na mnashiba.

Mkimalizia Soko la Maasai, la kazi za mikono, ulizeni kwanza liko wapi siku hiyo, maana huhama. Broka akikushikia kikapu na kukuandikia bei, kataa kwa upole. Kamisheni yake unailipa wewe. Kiondo, kikapu cha kufumwa, kipime hivi: kiinue kwenye mwanga. Ukiona mianya, ufumaji ni legevu. Vuta mkanda pale uliposhonewa, uone kama umeshika. Kikikupendeza, taja nusu ya bei, kisha upande polepole.