Mzee kapigwa na kiharusi na nyinyi mko Lamu: habari ya picha ya kichwa

Ami yangu alipopinda mdomo pale Shela sisi nyumbani tulikimbilia mafuta ya kumchua. Huyu anasema ni upepo, yule anasema mpeni aspirini haraka, na saa zinakwenda. Ndo nikasema niandike, manake huku kwetu mpaka upate boti uvuke Mokowe, kisha gari mpaka Malindi au Mombasa, muda wa kubishana haupo.

Mwambie mgonjwa acheke, uone kama mdomo unaenda upande mmoja. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka wenyewe. Mwambie ataje jina la mwanawe, usikie kama ulimi mzito. Likiwepo hata moja, twendeni. Na akirudi sawa baada ya nusu saa msilale mkasema alhamdulillahi yamepita, hicho ni kiharusi cha kupita na kikubwa chaweza kumfuata siku hizo hizo.

Hili la saa ndo watu hulisahau sana. Daktari anataka kujua mara ya mwisho alionekana mzima ni lini, kwa hivo kama ameamka tayari ana kiharusi hesabu inaanza alipolala. Watu wetu watakwambia "aliswali isha yuko sawa", sawa, lakini geuza iwe saa kamili uiandike kwenye simu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na hapewi mtu kabla ya picha.

Aspirini nayo usimpe, wala maji wala uji, koo likiwa limelegea atapaliwa. Pitieni hospitali ya karibu apimwe sukari na presha (sukari ikishuka sana mtu aweza kulegea upande ukadhani ni kiharusi), na wakati huo mwengine anapiga simu kule mnakokwenda, aulize: siti skani, ile mashine ya kupiga picha ya kichwa, inafanya kazi leo? Kuna mtu wa kuisoma saa hizi? Usiulize kama "wanayo" tu, mashine kuwepo na mashine kuwaka ni mambo mawili.

Sasa kwanini picha. Kiharusi ni cha aina mbili, mshipa umezibwa na donge la damu, au mshipa umepasuka damu ikamwagika kichwani, na kwa macho huwezi kuvitenganisha hata uwe bingwa. Dawa ya kimoja ndo sumu ya kingine. Siti skani, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971, inamaliza kwa dakika chache na damu iliyomwagika inaonekana nyeupe pale pale. Lakini mshipa ulioziba, saa za mwanzo picha yaweza kutoka safi kabisa! Sisi tuliambiwa picha haina kitu tukataka kumrudisha mzee nyumbani, kumbe picha safi na mkono umelala bado ni kiharusi, inamaanisha tu hakuna damu iliyomwagika na hapo ndo ile dawa yafikiriwa.

Emarai, mashine nyengine ya picha, ndo inayoona ubongo ulioanza kufa mapema zaidi, ila inachukua nusu saa hivi, ina kelele kama nyundo na ni sumaku kubwa. Vua kila chuma: pini za buibui, bangili, hirizi yenye kasha la bati, na wanja pia uoshe maana mwengine una madini. Mwenye betri ya moyo aseme kabla hajaingia mlangoni.

Kuna na ile ya kutazama mishipa yenyewe, unachomwa dawa mkononi unahisi joto mwili mzima, usiogope. Hiyo huombwa wakitafuta mshipa uliovimba kama puto, hasa kwa mtu aliyeshikwa ghafla na kichwa kikali ambacho hajawahi kukiona maishani. Sema kama una ugonjwa wa figo, kama unatumia metfomini ya sukari, au kama dawa ya picha ilishawahi kukuwasha.

Mkitoka ombeni sidii pamoja na ile karatasi ya maelezo, muipige karatasi picha kwa simu hapo hapo. Ya ami yangu ililowa kwenye boti, tukifika kwa daktari wa pili wino wote umekimbia ikabidi alipe skani nyingine.